Binti akitaka kuwa dijei, tuanze na laptopu iliyoko nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na tafadhali msinikate sana, manake jambo hili sijaliona likiandikwa kwa Kiswahili na huku kwetu Lamu linaulizwa kila leo. Shule zikifunga tu nafuatwa na wasichana, na siku hizi hata mama zao, wananiuliza shangazi, nataka kujifunza kupiga mziki, nianze na programu gani? Mimi ndio nawapigia kina mama kwenye kupamba na shughuli za harusi kwa hivyo wanaona nitakuwa na jibu la neno moja. Na hilo la neno moja wameshapewa huko nje. Kuna aliyeambiwa Serato manake ndiyo ya madijei wakubwa, kuna aliyeambiwa VirtualDJ na kijana fulani yuko tayari kumuwekea ile iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la malipo, kwa pesa ndogo tu, na kuna walioangalia video za Ulaya wakaelewa kwamba kabla ya yote wanunue kontrola, kile kibao cha vitufe cha kuendeshea programu, ambacho bei yake baba akiisikia mazungumzo yanaishia hapo hapo.

Mimi nasema hivi, programu inachaguliwa na laptopu iliyoko nyumbani na nyimbo za watu utakaowapigia. Jina lake na sifa zake YouTube ni mambo ya baadaye kabisa.

Kwanza niseme kwa nini nawashikilia wasichana. Wanaojua mila zetu wanajua kwenye kupamba mwanamume haingii, na simu nyingi siku hizi zinazuiwa mlangoni ili picha za watu zisitembee. Sasa dijei akiwa mwanamume inabidi akae nje au nyuma ya pazia, waya zinapita dirishani, anapiga mziki asioona unachezwaje. Hajui kama ukumbi umejaa au watu wameketi wamechoka, hajui kama bibi wa bwana harusi ameinuka na angependa ule wimbo uendelee. Dijei asiyewaona watu ana nusu ya kazi tu mkononi. Msichana akikaa pale ndani anaona kila kitu na sitara inabaki palepale, kwa hivyo wazazi wanaosema hii si kazi ya binti naomba waliangalie upande huo pia, hii ni kazi inayolinda heshima ya shughuli zetu wenyewe, na inalipa.

Haya, laptopu. Nyingi tulizonazo huku ni zile za mitumba kutoka Ulaya, RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 4, diski ya zamani ya kuzunguka. Watu wanazidharau bure. Kazi ya msingi ya programu yoyote ya dijei si nzito, inafungua nyimbo mbili kwa wakati mmoja, inapima mwendo wake, inakuruhusu uongeze au upunguze mwendo bila sauti ya mwimbaji kupanda au kushuka, na inakupa nafasi ya kusikia wimbo unaofuata kwenye hedifoni kabla ukumbi haujausikia. Hayo laptopu ya miaka kumi iliyopita inayaweza. Kinachoilemea ni ile kazi mpya ya kutenganisha sauti ya mwimbaji na ngoma papo hapo wimbo ukiwa unaenda, wanaiita stemu, VirtualDJ waliileta 2020 na Serato wakafuata mwisho wa 2022, na hiyo kweli inataka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye nguvu. Msichana anaona video ya mtu akifuta sauti ya mwimbaji kwa kidole anadhani bila hiyo si dijei, halafu laptopu yake ikianza kukwaruza anaitupia lawama. Izime hiyo. Zima na video, zima wifi, zima masasisho ya Windows yasikujie katikati ya shughuli.

Na hapo kwenye kukwaruza kuna kitu kidogo hakuna anayewaambia. Kompyuta haitoi sauti moja kwa moja, inakusanya kidogo mahali panaitwa bafa halafu ndiyo inapeleka kwa spika. Bafa ikiwa ndogo mno prosesa haiwahi kuijaza, unasikia mikwaruzo na kukatika, ikiwa kubwa mno ukibonyeza wimbo unachelewa kuanza na mkono wako unapishana na sikio. Wanaoskrachi, yaani wanaosugua wimbo mbele na nyuma kwa mkono, wanataka milisekunde 10 au chini yake, lakini anayeunganisha nyimbo tu kwenye harusi akiweka 20 au 30 au hata 40 atakuwa sawa na laptopu yake itatulia. Ni namba moja tu kwenye mipangilio ya sauti, iko karibu kila programu, ipandishe kidogo kidogo mpaka mikwaruzo iishe. Nimeona watu wakiambiwa wanunue laptopu nyingine wakati dawa ilikuwa hiyo namba. Kama kuna pesa kidogo ya kutumia basi nunua diski ya SSD, ile isiyozunguka, na uongeze RAM ifike GB 8, inasaidia kuliko kontrola yoyote.

Sasa programu zenyewe. VirtualDJ ni nyepesi kuielewa, mtu anaifungua siku ya kwanza na anaunganisha nyimbo, na kwa anayejifunza nyumbani bila kulipwa ni bure halali kabisa, hakuna haja ya kukraki. Lakini ukichomeka kontrola bila leseni inakupa dakika kama kumi tu halafu inakata, na ukianza kulipwa wanataka ununue leseni ya Pro. Serato ni ya watu wa New Zealand, ilipata jina 2004 walipotoa Scratch Live, ile iliyowawezesha madijei kutumia sahani za santuri kuendesha nyimbo zilizoko kwenye laptopu, na mpaka leo wapiga hip hop wanaiamini. Ya bure inaitwa Serato DJ Lite, ina deki mbili, yaani nafasi mbili za kuwekea wimbo, ni safi na haina mambo mengi, inamfaa mtu aliyepewa kontrola ndogo inayokuja nayo. Rekordbox ni ya Pioneer DJ, kampuni ambayo siku hizi inaitwa AlphaTheta, na hii ina kazi yake maalum, nyimbo unazipanga nyumbani kwa laptopu halafu unaziweka kwa flashi, unaenda klabu unachomeka flashi kwenye zile CDJ zao, mashine za kuchezea nyimbo, basi. Kwa hivyo kama ndoto yako ni klabu za Nairobi au Diani, jifunze rekordbox mapema, na flashi uifomati kwa FAT32, ni namna ya kupanga faili, manake CDJ nyingi hazisomi ile namna nyingine ya NTFS na utasimama pale na nyimbo zako zote hazionekani. Traktor ya Wajerumani ni nzuri lakini huku sijaona sababu ya anayeanza kuikimbilia.

Wenye simu tu wasijione wameachwa. Kuna djay ya Algoriddim, kuna Cross DJ na edjing za Wafaransa, zinafanya kazi kwa simu ya kawaida na unaweza kujifunza masikio yako kuhesabu kabla hujapata laptopu. Ubaya wake ni kwamba kioo ni kidogo, vitu vingi vizuri vimefungiwa nyuma ya malipo ya kila mwezi, na simu ikipigwa katikati ya mziki unajua mwenyewe, weka eapleni modi.

Mimi ninayowaanzisha nayo wasichana ni Mixxx, zile eksi ni tatu. Ilianzishwa 2001 na mwanafunzi wa chuo kikuu huko Denmark, siku hizi inaendelezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, maandishi yanayoiunda yako wazi kwa kila mtu na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuitumia na kuinakili bila kulipa. Hakuna dakika kumi, hakuna kuingia na akaunti, ukishaidaunlodi haikudai intaneti tena, na ukilipwa harusini hakuna anayekudai leseni. Inafanya kazi kwa Windows, kwa Mac na kwa Linux, na kontrola nyingi za bei nafuu inazitambua siku utakapozipata. Ina kitufe cha kurekodi, ina deki nne ukizitaka, ina Auto DJ inayopiga orodha yenyewe wakati wewe umekwenda kula pilau. Haina ile stemu ya papo hapo na haikupi nyimbo za mtandaoni, hayo niyaseme wazi, na sura yake si ya kupendeza kama za wenye pesa. Lakini kwa laptopu ya RAM 4 huku Langoni, sijui nyingine ya kuishinda.

Ila sababu kubwa ya kuipenda ni nyimbo zetu, na hapa naomba nafasi kidogo zaidi.

Programu hizi zilitengenezwa na watu wanaopiga hausi na hip hop, mziki uliotengenezwa kwa kompyuta, mapigo manne manne, mwendo ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiweka amapiano programu inasoma 112 au 113, yaani mapigo kwa dakika, na inakuwa kweli, bongo fleva vilevile inasoma bila shida. Weka chakacha sasa. Chakacha inakwenda sita kwa nane, ngoma moja inahesabu mbili na nyingine inahesabu tatu ndani ya muda ule ule, na ndiyo raha yake yenyewe, ndiyo inayofanya kiuno kijue pa kwenda. Programu inachanganyikiwa. Inaandika 180 wakati wachezaji wanahesabu 120, au inaandika 80, na ukibonyeza sinki, kitufe cha kulinganisha mwendo wa nyimbo mbili, inavuta wimbo mwingine ufuate hiyo namba ya uongo, unasikia ngoma mbili zinagongana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kupokezana. Hapo mtu anayeanza anadhani hajui, kumbe mashine ndiyo haijui.

Kwenye Mixxx ukibonyeza wimbo kwa mkono wa kulia wa mausi kuna mahali pa kurekebisha BPM, hayo mapigo kwa dakika, utaona ugawe kwa mbili, uzidishe kwa mbili, na kuna theluthi mbili na tatu kwa mbili. Ile theluthi mbili ndiyo dawa ya chakacha, 180 inakuwa 120, unasikiliza tena kama mistari ya gridi, ile programu inayoichora kwenye kila pigo, inaangukia kwenye pigo zito la ngoma, basi umemaliza, na itakumbuka siku zote. Ikikataa kabisa kuna kitufe cha kugonga, unagonga na mapigo kwa kidole chako mwenyewe kama unavyopiga makofi kwenye vugo, na mtoto aliyekulia huku hafundishwi kupiga makofi. Fanya kazi hii nyumbani siku za kawaida, wimbo mmoja mmoja, ukikaa na kahawa yako. Usiifanye ukumbini.

Halafu kuna taarabu za kanda. Zile za Zein l'Abdin, mtoto wa Lamu aliyepiga udi mpaka dunia ikamjua, zile za Juma Bhalo, zile za Malika, hizi zilipigwa na watu waliokaa pamoja wakitazamana, hakuna mashine ya kuhesabia. Mwendo unapanda wakipata raha na unashuka mwimbaji akitaka ubeti usikike. Zikarekodiwa kwa kanda, kanda ikanakiliwa kwa kanda nyingine, redio iliyonakilia inakimbia kidogo au inavuta, mpaka imefika kwenye kompyuta wimbo ushahama sauti yake ya asili. Gridi ya mwendo mmoja haiwezi kushika wimbo kama huo. Kwenye Mixxx kuna alama ya kuambia programu isidhanie mwendo ni mmoja, kwenye rekordbox kuna uchambuzi unaoitwa Dynamic, zinasaidia kiasi. Lakini ushauri wangu ni mwingine, taarabu usiichanganye. Watu wanasikiliza maneno! Mtu anangojea ubeti wake, anainuka na pesa mkononi kwenda kutunza au kumrushia fulani ujumbe, wewe unaingiza wimbo mwingine juu ya ubeti, hilo kosa kina mama hawalisahau na mwakani hawakuiti. Iache taarabu iimbe mpaka mwisho, acha udi umalizie, nyamaza kidogo, ndiyo uweke kinachofuata. Mikisi yako ifanye kwenye chakacha na bongo fleva na amapiano, huko ndiko kuna ngoma ndefu za kuunganisha.

Na kwenye chakacha tumia lupu, yaani kurudia rudia kipande kimoja cha wimbo. Wengi wanaiona kama urembo lakini ndiyo mwanzo wa u-DJ wa hip hop. Kule Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, kijana aliyezaliwa Jamaika wanayemuita DJ Kool Herc alipiga sherehe ya dada yake, na alichokuwa maarufu nacho ni kuchukua santuri mbili za wimbo ule ule na kurudisha kile kipande cha ngoma tupu, hii ikiisha anaanzisha ile, ile ikiisha anarudi hii, manake aliona watu wanacheza zaidi pale. Leo hiyo kazi ni kitufe kimoja kwa laptopu ya mitumba. Wimbo wa chakacha ukifika pale mwimbaji amenyamaza na ngoma zimebaki peke yake, shika lupu, na kwa sita kwa nane hakikisha inaanza na kuishia kwenye pigo zito la sivyo itachechemea, halafu waache kina mama wafanye yao. Umewapa dakika mbili ambazo wimbo haukuwa nazo. Na wewe umepata dakika mbili za kutayarisha wimbo unaofuata bila haraka.

Kuhusu sinki yenyewe nitasema kwa ufupi, jifunze bila hiyo kwanza. Si kwa sababu ni dhambi, ni kwa sababu kwa nyimbo zetu itakuangusha mara nyingi kuliko itakavyokusaidia, na sikio lililozoea kusikia ngoma ipi imetangulia litakuokoa. Chukua nyimbo mbili za bongo fleva za mwendo unaokaribiana, moja kwa spika moja kwa hedifoni, sogeza mwendo mpaka zilingane, rudia. Mwendo usiuvute zaidi ya asilimia nne au tano, kupita hapo hata kama programu inashikilia sauti isibadilike mwimbaji anaanza kusikika kama bati.

Hedifoni sasa. Hili ndilo linalowashinda wengi na si la programu wala nini. Laptopu ina tundu moja la sauti na wewe unataka sauti mbili tofauti, moja iende ukumbini na moja iingie masikioni kwako. Kontrola ina kadi ya sauti ndani yake ndiyo maana inatatua. Asiye na kontrola anunue kadi ndogo ya sauti ya USB, ile kama flashi yenye matundu mawili, ni bei ya chini tu, spika zikae kwenye hiyo na hedifoni zibaki kwenye tundu la laptopu, kwenye Mixxx unachagua Main (matoleo ya zamani yanaandika Master) hapa na Headphones pale. Kwa simu kuna waya unaogawa, upande wa kushoto unakwenda spika na wa kulia unakwenda sikioni, apu nyingi zina sehemu ya kuuwasha, utapoteza stirio lakini kwa mtu anayejifunza stirio si shida na spika zetu nyingi ni moja moja tu.

Sasa niseme kuhusu zile za kukraki, na hapa nasema kwa uchungu. Binti mmoja ninayemfundisha aliwekewa na fundi mmoja wa mtaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, akaambiwa azime antivairasi kwanza, wao husema hivyo kila mara, na kwa nini uzime mlinzi kama mgeni ni mwema? Baada ya siku chache laptopu ikaanza kufungua matangazo yenyewe, na ni laptopu ile ile aliyokuwa anafanyia kazi za chuo na mama yake anafungulia barua pepe za biashara. Ilibidi ifutwe yote, picha na kazi za chuo zikaenda. Na programu ya bure ilikuwepo wakati wote huo. Hakuna sababu hata moja ya anayeanza kukraki, VirtualDJ ya nyumbani bure, Serato Lite bure, rekordbox ina ya bure, Mixxx bure kabisa.

Nyimbo pia. Ukizitoa YouTube kwa zile tovuti za kugeuza, kwa hedifoni utaona sawa, kwa spika kubwa utasikia besi imelegea na matoazi yanafanya kama maji yanayochuruzika. MP3 ya 128, yaani kilobiti kwa sekunde, wimbo wa dakika nne ni kama MB 4, ya 320 ni karibu MB 10, na tofauti hiyo ya ukubwa ni sauti iliyotupwa. Kuigeuza ya 128 iwe 320 hakurudishi kitu, faili inanenepa tu. Flashi ya GB 32 inabeba zaidi ya nyimbo elfu tatu za 320, kwa hivyo nafasi si kisingizio. Na zile ulizohifadhi ndani ya Spotify au Boomplay ni za kusikiliza humo humo, huwezi kuzihamisha. Wanaotegemea nyimbo za mtandaoni wakumbuke Spotify ilijiondoa kwenye programu za madijei 2020, ikarudi kwa baadhi yake 2025 tu, na kati hapo aliyekuwa hana nyimbo zake mwenyewe alibaki mikono mitupu, achilia mbali kwamba huku kwetu mtandao wenyewe unapotea stima ikienda. Nunua unazoweza, omba wasanii wetu wa pwani wakuuzie moja kwa moja, wengi wanafurahi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inawapa haki ya kulipwa mziki wao ukipigwa hadharani na ni haki kweli, hawa ni watu tunaowajua. Majina ya faili yaandike vizuri, mwimbaji na wimbo, si trak01, manake mama mzima atakuja akuambie niwekee ile ya Malika ya zamani na utakuwa na nusu dakika ya kuitafuta.

Mengine ni madogo ila yasisahauliwe. Taa nyekundu kwenye programu ikiwaka shusha sauti, nyekundu inaharibu sauti na spika za watu, ukitaka mkubwa ongeza kwenye spika zenyewe. Betri iwe nzima, stima ikikata spika zitanyamaza lakini laptopu isizimike, jenereta ikiwaka uwe tayari. Adhana ikianza shusha feda, kile kitelezi cha sauti, taratibu mpaka chini, usikate kwa kishindo, na uijue saa mapema ili usiwe umeanza wimbo wa watu kuinuka dakika moja kabla. Na ule urekodi wa programu unachukua mziki unaopita ndani ya laptopu, hauchukui picha wala vicheko vya ukumbini maikrofoni ikiwa imezimwa, kwa hivyo wenye shughuli wakiuliza waelezeni hivyo. Rekodi kila unapofanya mazoezi, sikiliza kesho yake ukiosha vyombo, utasikia mwenyewe ulipokimbilia.

Ombi langu kwako Mhariri ni kwamba kurasa zenu za teknolojia zinatueleza simu mpya kila wiki, tupeni na hili, mtu aeleze kwa Kiswahili namna ya kupanga gridi, namna ya kuweka kadi ya sauti, hatua kwa hatua na picha zake. Na kwa wanaosimamia vyuo vya ufundi hapa kaunti, kompyuta mnazo, hedifoni za darasa la lugha mnazo, Mixxx leseni yake inaruhusu muichukue kwa flashi moja muiweke kwenye mashine zote za darasa bila shilingi. Mkifungua darasa la Jumamosi la wasichana mimi nitakuja kufundisha, na nitaleta chakacha zangu zikiwa gridi zake zimeshanyooshwa.

Wasalaam,
Mpiga mziki wa kina mama,
Langoni, Lamu